Mama ameusia macho yake yatolewe akifariki, na kaka yangu hataki kusikia

BintiKisauni aliuliza:

Assalaam alaykum kwa Waislamu wenzangu, na heshima kwa nyote. Nina jambo la nyumbani ambalo limetutia katika mtihani tangu Mfungo Mosi, na naomba mawazo ya watu waliowahi kulipitia.

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Alisomesha madarasa ya chini kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule ya msingi hapa Mombasa, akastaafu, na sasa naishi naye Kisauni. Siku ya pili ya Idi, sisi watoto wake watano tukiwa tumekusanyika baada ya chakula cha mchana, aliagiza aletewe bati la biskuti anamohifadhi hati ya nyumba na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Akatoa humo karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akampa mjukuu wake aisome kwa sauti. Alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba akifariki macho yake yatolewe, apewe mtu ambaye haoni, na kwamba asipatikane mtu wa nyumba yake atakayepokea hata shilingi moja kwa ajili hiyo.

Sababu yake tunaijua. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa na mwanafunzi aliyeyafikicha macho mchana kutwa kwa mwasho. Akahamishiwa dawati la mbele, kisha ikawa lazima asimame ubaoni ndipo aweze kunakili, na hatimaye akaacha shule akiwa darasa la saba, baba yake akidhani ni uvivu. Miaka mingi baadaye kijana huyo alikuja kutuamkia akiwa amepandikizwa konea Nairobi, yaani utando wa mbele wa jicho, konea ya mtu aliyekwisha kufa. Akachukua gazeti lililokuwa mezani, akamsomea mama habari ya ukurasa wa kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama alilia, na tangu siku hiyo hakuacha kuulizia jambo hili kila alipokwenda kliniki ya presha.

Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye tunayemtegemea katika mambo ya maziko, alisimama kabla karatasi haijamalizika kusomwa. Alisema hatamteremsha mama yake kaburini akiwa na mashimo usoni, na kwamba watu wa mtaa watasema tumemuuza. Mama hakumkaripia. Alimwambia tu, "Maiti haulizwi sanda, mwanangu. Ndiyo maana nasema leo, nikiwa bado naulizika."

Nawauliza basi: huko kwenu watu wanalitazamaje jambo hili? Sheria ya Kenya inampa nani kauli? Dini inasemaje? Na hayo ya mashimo usoni yana ukweli wowote? Sitafuti hoja za kumshinda kaka yangu. Nataka siku hiyo ikifika tusigombane mbele ya maiti ya mama yetu.

MuuguziWaMacho alijibu:

Dada, nifikishie shikamoo kwa mama. Nimehudumu katika wodi za macho kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo nitajibu lile ninalolijua kwa mikono yangu, na mengine nitawaachia wenye elimu yake.

Kinachotakiwa hasa ni konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho kama kioo cha saa, unaofunika sehemu yenye rangi. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na upana wake haufiki milimita kumi na mbili, ni kama kifungo kidogo cha shati. Haina mishipa ya damu, na ndiyo sababu kwa kawaida hatulazimiki kulinganisha makundi ya damu kama inavyofanyika kwa figo. Mtu aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kuitoa, na mzee wa umri wa mama yako anaweza pia, hata kama ana mtoto wa jicho, kwa kuwa ugonjwa huo uko kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Damu ya marehemu hupimwa kwanza, ili mpokeaji asiambukizwe maradhi kama Ukimwi au homa ya ini.

Kuhusu mashimo, kaka yako ana haki ya kuogopa, lakini anachokiogopa hakipo. Mara nyingine huondolewa konea peke yake pamoja na ukingo mwembamba wa sehemu nyeupe, na mara nyingine jicho zima. Katika hali zote mbili, kifuniko cha plastiki chenye umbo la jicho huwekwa chini ya kope, kisha kope hufungwa. Nimesimama kando ya jamaa wengi waliokuja kumtazama mtu wao baada ya kazi hiyo, na sijamwona hata mmoja aliyetambua tofauti kwa kutazama uso.

Kazi yenyewe haimalizi saa moja, na haihitaji mwili upelekwe mbali wala ulale siku nzima, kwa hiyo haizuii maziko ya siku ile ile. Ugumu uko kwingine. Konea lazima itolewe ndani ya saa chache baada ya kifo, tena ikiwezekana ndani ya saa sita, na ahadi nyingi nilizoziona zikipotea zilipotea kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekumbuka kupiga simu. Wafiwa huwa katika kilio, mwenye karatasi yuko safarini, na karatasi imefungiwa kabatini. Benki ya macho iliyo mashuhuri nchini ni ile ya hospitali ya Lions huko Loresho, Nairobi, nanyi mko Kisauni. Ulizeni mapema, wala msisubiri, ni nani aliyefunzwa kazi hii karibu nanyi na ambaye anaweza kufika usiku. Pasipokuwa na mtu huyo, karatasi ya mama itabaki kuwa nia njema tu.

Siku hiyo ikifika, mfumbeni macho mapema, mwinueni kichwa kwa mto mmoja, mwekeni pamba yenye maji safi ya baridi juu ya kope, na zimeni feni kama inampuliza usoni, kwa maana upepo hukausha konea kwa haraka sana.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa naona watu huvichanganya viungo vyote pamoja. Moyo, ini na figo vya marehemu huweza kupandikizwa pale mtu anapofia katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine ingali ikimpumulia. Konea yaweza kutoka kwa mtu aliyefia nyumbani kitandani mwake. Hapa Kenya, figo tunazopandikiza hutoka hasa kwa watu walio hai, kwa hiyo ombi la mama yako ni jepesi kuliko watu wanavyolidhania.

MwanasheriaTudor alijibu:

Nitajibu swali la sheria kwa ufupi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kutoa mwili wake au sehemu yake itumike baada ya kifo chake. Anaweza kufanya hivyo ndani ya wosia, au kwa hati aliyoitia sahihi pamoja na mashahidi wawili, au hata kwa kutamka kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Marehemu akiwa hakusema lolote, na wala hakukataza, ndipo ruhusa inapowaendea jamaa kwa mpangilio: mume au mke, mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, kisha kaka mkubwa au dada mkubwa. Kuuza kiungo ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni kumi au kifungo cha miaka kumi, au vyote viwili.

Karatasi ya daftari si hafifu kwa kuwa ni ya daftari. Huenda ikawa hafifu kwa kukosa mashahidi. Mama na aitie sahihi upya mbele ya watu wawili wazima wenye akili timamu. Lakini nakuambia kama mtu aliyeona mengi katika kazi hii: hakuna daktari atakayempita kaka yako mlangoni akiwa anapiga kelele, hata kama hati ina mihuri mitatu.

MwanaWaSiaya alijibu:

Dada, pole kwa mtihani huu, na sina neno baya juu ya mama. Ila nitasimama upande wa kaka yako, maana naona ataonekana mjinga hapa, na mimi simwoni hivyo.

Baba yangu alipofariki, mwili wake ulikaa siku kumi na tisa katika chumba cha maiti cha hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu bili ilikuwa haijalipwa. Kila siku ada ya kuhifadhi maiti iliongezwa juu ya deni lile lile tulilokuwa tukichangishana kulipunguza. Mhudumu wa pale alikuwa mtu mwema, na jioni moja alitufungulia mlango tukamwona. Alikuwa na kipande cha plasta kwenye kidole gumba cha mguu, kimeandikwa nambari kwa kalamu ya bluu, na nambari hiyo naikumbuka hadi leo. Tulimzika nyumbani, katika boma lake, kama desturi yetu inavyotaka, lakini wazee walikwisha kusema kwamba mtu aliyewekwa rehani harudi kwa watu wake kwa moyo mweupe.

Sasa niambieni, taasisi iliyokataa kunirudishia baba yangu bila fedha itakuja kwa uso gani kuniomba macho yake bila fedha? Kisha mwezi wa Aprili 2025 tukasikia Wizara ya Afya imesimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya Eldoret kwa sababu ya tuhuma za biashara ya figo. Najua wale walikuwa watoaji walio hai, na najua tuhuma si hukumu. Lakini mtu wa kijijini hasikilizi kwa kutenganisha namna hiyo. Anasikia kwamba kuna mahali maskini huingia na figo mbili akatoka na moja, na siku ya pili anaambiwa atie sahihi.

Viongozi wetu hupenda kusema kwamba watu hukataa kwa ushirikina. Wanaosema hivyo hawajakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti wakihesabu noti za mia mia.

BintiKisauni aliandika:

Ndugu yangu wa Siaya, pole sana kwa baba. Nimemsomea kaka yangu maneno yako yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Huyu ndiye aliyenielewa." Hajabadili kauli yake, lakini kwa mara ya kwanza ameketi kitako tukalizungumza jambo hili bila yeye kuchukua kofia yake na kuondoka.

MuuguziWaMacho alijibu:

Kaka wa Siaya, sina jibu la kukufariji juu ya siku zile kumi na tisa, na sitajaribu kulitafuta. Ulilolisema ni kweli, na sisi tunaofanya kazi hospitalini hatulisemi kwa sauti inayostahili.

Naongeza tu kwamba nchi iliyofanikiwa kuliko nyingine zote katika jambo hili haikufanikiwa kwa mabango. Hispania ilitunga sheria yake mwaka 1979, sheria inayomhesabu kila mtu kuwa ameridhia isipokuwa aliyekataa, na kwa miaka kumi iliyofuata sheria hiyo haikubadilisha mengi. Mabadiliko yalikuja baada ya kuundwa shirika la taifa la upandikizaji mwaka 1989 na kuwekwa waratibu ndani ya hospitali zenyewe, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi, ambao kazi yao ni kukaa na familia na kuieleza hali ya mtu wao kwa lugha nyepesi. Ingawa sheria ingewaruhusu kutouliza, wao huuliza daima, na familia ikikataa huishia hapo hapo. Leo nchi hiyo ina watoaji zaidi ya 40 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Mimi nina imani kwamba siku hospitali zetu zitakapoacha kuzuia maiti kwa ajili ya deni, watu watakaojitolea macho wataongezeka bila tangazo hata moja.

UstadhKibokoni alijibu:

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, swali lako ni miongoni mwa mambo mapya ambayo wanazuoni wamekhitilafiana, na si haki kumpa mtu rai moja akadhani ndiyo pekee iliyopo.

Wanaokataza hutegemea hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Husema pia kwamba mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuigawa. Wanazuoni wengi wa Bara Hindi wameshika rai hii, na kwa kuwa vitabu vyao na wanafunzi wao wamefika sana kwetu pwani, mtu kama kaka yako hakuitoa kauli yake hewani. Huenda aliisikia darasani tangu utotoni. Kwa hiyo asidharauliwe.

Wanaoruhusu husema kwamba makusudio ya hadithi ile ni kuudhalilisha mwili, na anayetoa konea kwa kipofu hamdhalilishi maiti. Huikumbusha aya ya 32 ya Surat al-Maida, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudia lilitoa uamuzi wa kuruhusu mwaka 1982. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, lilipitisha kwamba yafaa kuhamisha kiungo cha maiti kwenda kwa aliye hai ambaye uhai wake, au utendaji wa kiungo cha msingi katika mwili wake, unakitegemea, kwa sharti kwamba marehemu aliruhusu kabla ya kufa au warithi wake wameruhusu. Kuuza kiungo ni haramu kwa rai zote mbili. Saudia yenyewe ina kituo cha taifa kinachosimamia upandikizaji wa viungo, na viungo vya marehemu ni sehemu ya kazi yake ya kila siku.

Mimi binafsi naelekea kwenye rai ya Jeddah, na nilipoulizwa na watu wa mtaa wangu niliwaambia hivyo hivyo. Mama ameweka sharti la kutopokea fedha kabla hajaulizwa na mtu yeyote, na katika hilo ametutangulia wengi tuliosoma. Maiti ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na kuzikwa kama kawaida, wala hakuna kitakachopungua katika haki zake nne. Ila nakushauri usimwambie kaka yako "Ustadh amesema". Mwambie aende kwa mwalimu wake mwenyewe, yule anayemwamini, amuulize kwa kinywa chake.

BiTangaLeicester alijibu:

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niishiye Leicester, na nitasimulia la kwangu kwa kuwa linahusu lile alilolisema mama, la mtu kuulizwa angali anaulizika.

Mdogo wangu wa kiume alivujiwa na damu ubongoni akiwa na umri wa miaka 38. Siku ya tatu madaktari wawili walimfanyia vipimo vya kifo cha ubongo, wakavimaliza vyote kisha wakavirudia tangu mwanzo, kama utaratibu wa hapa unavyotaka. Waliniruhusu nisimame pale. Walimulika mboni za macho yake, zikabaki vile vile. Walimimina maji ya baridi masikioni mwake, macho hayakucheza. Mwisho walimwondoa kwenye mashine ya kupumulia huku wakimpa oksijeni, sote tukakitazama kifua chake. Nilikuwa nikimsomea moyoni na kuhesabu, na kifua hakikunyanyuka hata mara moja. Waliporudisha mashine kikaanza kupanda na kushuka tena, naye akiwa na joto mkononi. Watu wa nyumbani wakisema kwamba hawaamini kuwa mtu wa namna hiyo amekufa, mimi siwashangai, maana nilimshika mkono ule.

Tangu tarehe 20 Mei 2020, sheria ya hapa Uingereza humhesabu mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo vyake kama hakujiandikisha kukataa, isipokuwa makundi machache. Hata hivyo familia huulizwa. Muuguzi wa kazi hiyo alivuta kiti, akaketi chini ya usawa wetu, akatuuliza swali moja tu: je, aliwahi kusema lolote juu ya jambo hili? Tulikuwa watu saba chumbani, na Tanga ilikuwa kwenye simu. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua. Mama yetu alilia upande wa pili wa simu akisema nileteeni mwanangu kama alivyo, nasi tukakataa.

Weusi na watu wa asili ya Asia hapa hukaa muda mrefu zaidi kwenye orodha ya kungojea figo, kwa kuwa figo inayolingana na damu na tishu zao hupatikana kwa urahisi zaidi kutoka kwa watu wa asili yao, na watu hao ndio tunaokataa kwa wingi. Nililijua hilo hata siku ile. Simlaumu mama kwa kukataa. Linaloniamsha usiku ni kwamba tulilala chumba kimoja na mdogo wangu kwa miaka kumi, tukazungumza mpira, mahari na bei ya mchele, na sikuwahi kumuuliza neno hili. Hadi leo sijui angetaka nini.

Mdogo wangu wa Kisauni, mrekodi mama kwa simu akisema mwenyewe kwa sauti yake. Kaka yako naye awepo, asikie, hata kama atakuwa amenuna.

BabuMalindi alijibu:

Wajukuu zangu, nimesoma yote. Nina umri wa miaka 78, na naona hapa hajatajwa mumiani. Sisi tulikua kwa kutishwa naye. Iliaminika kwamba kuna watu walioajiriwa kunyonya damu ya binadamu ipelekwe kutengenezwa dawa, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni walioshukiwa zaidi walikuwa wazimamoto na magari yao mekundu. Nilipokuwa mdogo nilivuka barabara nikimkimbia mtu aliyebeba mpira wa maji tu. Watu wa leo huyacheka masimulizi hayo, lakini yalibeba jambo: kwamba mwenye nguvu huuchukua mwili wa asiye na nguvu bila kumuuliza, na mwenye mwili hana pa kushitaki. Nasi tumeishi tukaona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Hofu ya kaka ya huyu binti ina mizizi mirefu kuliko yeye mwenyewe.

Lakini nakumbuka pia mwezi wa Desemba 1967, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, redio ilipotangaza kwamba moyo wa binadamu umepandikizwa Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur. Dunia nzima ililishika jina la daktari, Christiaan Barnard. Jina nililolishika mimi ni la Edward Darvall. Mke wake na binti yake Denise, aliyekuwa na umri wa miaka 25, waligongwa na gari walipokuwa wakitoka kununua keki. Mke akafa pale pale, na jioni hiyo hiyo madaktari wakamwomba baba ruhusa ya kuutoa moyo wa binti. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa muda wa kama dakika nne, akiikumbuka keki ambayo binti huyo alimwokea siku ya kuzaliwa kwake, na joho la kuogea alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, kisha akakubali, kwa sababu binti yake alikuwa mtu wa kutoa. Louis Washkansky, aliyepewa moyo, aliishi siku kumi na nane. Figo moja ya Denise alipewa mtoto wa miaka kumi, Jonathan van Wyk, ambaye kwa sheria za ubaguzi za nchi ile hakuhesabiwa kuwa Mzungu na asingeruhusiwa kukaa na Denise kwenye benchi moja.

Yule baba hakuwa na karatasi wala mashahidi wawili. Alikuwa anamjua mtoto wake. Mjukuu wangu, mwulize kaka yako swali hilo hilo kwa upole: anamjua mama yake kuwa mtu wa namna gani?

BintiKisauni aliandika:

Shikamoo Babu, na ahsanteni nyote. Naleta habari.

Ijumaa iliyopita mama aliiandika upya karatasi yake, akaitia sahihi mbele ya mashahidi wawili, jirani yetu na mwalimu mwenzake mstaafu. Kaka alikuwepo. Alikataa kuwa shahidi, lakini hakutoka. Nilipomrekodi mama kwa simu, yeye ndiye aliyeinuka kwenda kuzima feni ili sauti isikike vizuri. Amekwenda pia kwa mwalimu wake wa chuoni, nami sijamuuliza alijibiwa nini, wala yeye hajasema. Nambari za kupiga nimezibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na hadi leo asubuhi zipo.

Jana usiku, akiwa anavaa viatu vyake mlangoni, aliniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Watakaomwosha mama ni shangazi zetu wawili, wanawake wazee, na mmoja wao ana mikono mizito. Kaka anauliza: je, wataona kitu, na je, wanaweza kumharibu uso kwa kutojua? Dada Muuguzi, tafadhali tusaidie.

MuuguziWaMacho alijibu:

Mwambie kaka kwamba ni swali zuri, tena wachache huliuliza mapema. Shangazi waambiwe kabla hawajaanza, wasije wakashituka. Wakifika usoni, maji yamiminwe kwa utaratibu kutoka pembeni, wapanguse kuelekea nje kwa kitambaa laini, wasizikandamize kope wala kujaribu kuzifungua. Huenda likatoka tone la damu au la majimaji kwenye kona ya jicho. Wakiliona wasiwe na hofu, waweke pamba kavu kidogo, wangoje dakika chache, kisha waendelee. Na kama yule shangazi mwenye mikono mizito anajulikana tangu sasa, basi yeye na apewe kumimina maji, mwenzake ashike uso.

Kaka akitaka kunipigia simu mwenyewe, nitakutumia nambari yangu faraghani. Zamu yangu huisha saa kumi na mbili jioni.